Pua zetu, vumbi letu, na chupa mbili zinazofanana

Haya ni mazungumzo niliyotoa kwenye mkutano wa wafanyabiashara wa nafaka, Dodoma. Waliokuwa safarini kufuata mzigo waliomba niyaandike, nami nimeyaacha karibu yalivyo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, viongozi wa soko, mama zangu mnaopepeta, kaka zangu makuli, madalali, wenye mashine za kukoboa: Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Na ambaye bado sijamfikia, habari za asubuhi?

Nimekaa pale nyuma nusu saa nikisubiri zamu yangu, na kwa mazoea ya kazi nikajikuta nahesabu chafya. Nimefika kumi na saba, nikaacha. Kumi na saba, na humu ukumbini hakuna hata gunia moja. Niulize: nani hapa leo ameamka akapiga chafya tano mfululizo kabla hajanawa uso? Nyoosheni mikono, msione haya. Mh! Na nani kati yenu huwa anasema, "nina mafua"? Naona ni mikono ileile.

Mimi ni mfamasia. Wengi mnaijua kaunta yangu, na wengine mnanidai chenji. Nimewauzia dawa za mafua miaka na miaka. Leo nimekuja kuwaambia kwamba wengi wenu mliozinunua hamkuwa na mafua.

Mafua yanakuja, yanakuangusha, yanaondoka. Wiki moja, siku kumi, yamekwisha. Mwili unauma, pengine homa, koo linakereketa, kamasi inakuwa nzito. Sasa yale yanayoanza kila ukifungua ghala, kamasi inayotiririka kama maji ya bomba, pua inayowasha mpaka unaisugua kwa kiganja kuelekea juu namna hii, macho yanayolenga machozi, kaakaa linalowasha mpaka unalikwaruza kwa ulimi ukitoa ule mlio wa ajabu. Mnacheka kwa sababu mnaujua! Hayo ni mafua gani yasiyo na homa, yasiyomwambukiza mkeo, yanayodumu kuanzia mavuno mpaka mvua za Desemba? Huo ni mzio. Wengine mnasema aleji, na ni sawa.

Twende ghalani kidogo. Dalali anachoma bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, kwenye gunia, anainamisha, mahindi yanatiririka kiganjani. Anayapuliza, fuu, ili aone punje. Macho yenu yote yako kwenye punje: zimekauka? zimetobolewa? Hakuna anayeangalia kile alichokipuliza. Kwenye ule unga uliopaa mbele ya uso wake kuna vipande vya maganda, mbegu za ukungu, mabaki ya dumuzi, na utitiri, wadudu wadogo ambao kwa macho hivi hivi huwaoni. Huko ghalani wako wa nafaka, nyumbani kwenye godoro wako wa vumbi la nyumba, wanaokula magamba ya ngozi yetu. Ndiyo maana kuna mtu anakaa wiki nzima bila kufika sokoni na bado anaamka na chafya.

Vumbi hilo kwa jirani yako halina neno. Kwako wewe mwili umelikosea jina. Fikirini mlinzi wa usiku aliyeajiriwa kupiga filimbi akiona mwizi, halafu yeye anapiga filimbi kila akimwona paka. Paka hajaiba kitu, lakini mtaa mzima umeamka. Filimbi hiyo puani ni kemikali inaitwa histamini, na ikishamwagwa, pua inawasha, inachuruzika, inavimba ndani na kuziba. Mkizima filimbi tu, mtaa bado umeamka. Nitarudi hapo.

Wala msidhani ni ugonjwa mpya au ugonjwa wa kujidekeza. Mwaka 1819 daktari mmoja wa London, John Bostock, alisimama mbele ya madaktari wenzake akaeleza habari za mgonjwa anayeteswa na macho na pua kila kiangazi. Mgonjwa mwenyewe alikuwa yeye. Alishajaribu kutolewa damu, kuoga maji baridi, hata afyuni. Hakupona. Mwaka 1873 Charles Blackley wa Manchester akatoa kitabu kuonyesha kwamba chanzo ni chavua ya nyasi, ule unga wa maua yake, jambo alilolijaribu kwenye pua na ngozi yake mwenyewe. Na mwaka 1973, miaka mia kamili baadaye, daktari wa Denmark, Niels Mygind, akachapisha matokeo ya kuwapulizia puani wagonjwa wa namna hiyo dawa inayoitwa beclometasone. Hiyo ndiyo familia ya dawa iliyonileta hapa. Ina zaidi ya miaka hamsini, na kwenye soko hili bado naiuza kwa shida kuliko dawa zinazowadhuru.

Kwa nini? Kwa sababu rafuni kwangu kuna chupa mbili. Zote ndogo, zote zina ncha, zote unaingiza puani unabonyeza. Ukiziweka pamoja huwezi kuzitofautisha mpaka usome. Na kazi zake ni mbalimbali kama breki na mafuta.

Ya kwanza naiita chupa ya haraka. Unapuliza, dakika chache tu, pua wazi. Unavuta hewa unasikia mpaka kwenye mapafu. Raha! Inafanyaje? Pua iliyoziba haijajaa kamasi kama mnavyofikiri, imevimba. Mishipa ya damu ndani yake imetuna. Dawa hii inaibana mishipa, uvimbe unanywea. Lakini mzio haujaguswa. Na mishipa ile ina tabia ya punda: ukimpiga kila siku, mwisho hasikii fimbo. Baada ya siku kadhaa dawa ikiisha nguvu mishipa inatuna kuliko mwanzo, kwa hiyo unapuliza tena, inatuna zaidi, unapuliza tena.

Kuna kaka mmoja, kuli wa kupakia malori, ameniruhusu nimseme bila jina. Yumo humu au hayumo, msigeuke geuke. Alikuwa anatembea na chupa ya haraka kwenye mfuko wa shati, pale wengine wanapoweka kalamu. Alianza na mara mbili kwa siku. Alipofika kwangu kuuliza, ulikuwa mwezi wa nane tangu aanze, na alikuwa anapuliza kila baada ya saa mbili, usiku anaweka chupa chini ya mto. Akaniambia, "Dada, ikiisha usiku nakaa kitandani kama mtu anayezama." Na nikiri mbele yenu: chupa mbili kati ya hizo nilimuuzia mimi, foleni ndefu, sikuuliza.

Yule hakuwa anaumwa mzio peke yake tena. Alikuwa anaumwa dawa. Kumtoa ilitubidi twende na tundu moja moja: tundu la kushoto likaachishwa kwanza, la kulia akaendelea nalo ili apate usingizi, na huku anapuliza chupa ya pili, ile nitakayoieleza, kote kuwili kila siku. Kushoto kulipofunguka, tukaachisha kulia. Siku za kwanza alinichukia kabisa. Wiki ya tatu alipita dukani, akavuta hewa kwa pua kwa kelele mbele ya wateja, akaenda zake.

Kwa hiyo chupa ya haraka ni siku ngapi? Siku tatu. Ngapi? Tatu! Ikizidi sana ni tano, basi, weka chini. Na mwenye presha, mwenye moyo, mwenye shinikizo la jicho, asiiguse kabla hajauliza.

Chupa ya pili ni ya taratibu, ile familia ya beclometasone niliyoitaja. Na hapa ndipo ninapogombana na wateja wangu.

Mama mmoja muuza karanga nilimpa hii chupa siku ya Jumatatu. Alhamisi karudi. Hakusalimia. Aliiweka juu ya kaunta, tap, akasema, "Chukua maji yako." Nikamuuliza, umetumiaje? Kasema, "Nimepuliza siku tatu, pua iko vilevile. Ile nyingine ya jirani yangu inafungua hapohapo." Hakuwa amekosea, mnanielewa? Alichokisema ni kweli tupu. Chupa ya taratibu haifungui pua hapohapo. Ukiipuliza pua ikiwa imeziba saa nne asubuhi, saa nne na robo itakuwa imeziba vilevile. Wengine wanaanza kuona unafuu siku ileile jioni au kesho yake, wengine siku kadhaa, na nguvu yake kamili unaipata kama wiki mbili hivi za kupuliza kila siku. Kila siku, hata siku ambayo pua haina neno. Hasa siku ambayo pua haina neno!

Mnakumbuka mlinzi wetu? Vidonge vingi mnavyomeza vinaziba masikio ya mtaa ili filimbi isisikike. Vinasaidia chafya na kuwasha, lakini pua iliyoziba havigusi sana. Chupa ya taratibu inamwendea mlinzi mwenyewe na wenzake wote aliowaita, inawatuliza, uvimbe unapungua, filimbi hazipigwi hovyo. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kwa dakika tano. Ila ikishafanyika, kwa mtu mzima mwenye mzio unaomsumbua siku nyingi za wiki, hakuna dawa moja inayoishinda.

Yule mama nilimrudishia chupa yake. Nikamwambia achukue kalenda ile iliyotundikwa nyuma ya mzani wake, kila asubuhi akipuliza apige mstari, na asinitukane mpaka mistari ifike kumi na minne. Hakuja kushukuru. Alikuja kununua chupa ya pili.

Mzee pale mbele anatikisa kichwa, najua anachowaza. "Binti, hizo si ni steroidi?" Ndiyo, mzee wangu, ni steroidi. Siyo zile za kutunisha misuli, ni za kupoza uvimbe. Tena umefanya vizuri kuogopa, kwa sababu sokoni humu kuna watu wanachomwa sindano za steroidi au wanameza prednisolone kila msimu wa vumbi, na hao ndio wanaopaswa kuogopa: sukari, presha, mifupa. Tupige hesabu, nyinyi ni watu wa mzani. Kidonge kimoja cha prednisolone cha miligramu 5 ni mikrogramu 5,000, zinazunguka mwili mzima. Fluticasone ya puani, mojawapo ya chupa za taratibu, mara nyingi mpulizo mmoja una mikrogramu 50. Mtu mzima huanza na miwili kila tundu, mara moja kwa siku: jumla 200. Haziwezi kulinganishwa gramu kwa gramu, ya puani ina nguvu kuliko ya kidonge, lakini sikilizeni: kwenye fluticasone na ndugu yake mometasone, kinachofika kwenye damu hakifiki hata sehemu mbili katika mia. Inabaki ilikopulizwa. Pua ikishatulia, wengi wanashuka mpaka mpulizo mmoja kila tundu. Chupa yenye mipulizo 120 hapo inakupeleka siku 60.

Ila imepulizwa wapi, puani au kooni? Tatizo jingine hilo. Nimewaona watu wanavyopuliza. Wanainua uso juu kama anayetafuta ndege, wanachomeka ncha, wanabonyeza, halafu wanavuta kwa nguvu, khhh! Dawa yote inakwenda kooni. Ukionja uchungu kooni, ujue umekunywa dawa ya pua.

Na mimi sina ubavu wa kuwacheka. Nikiwa mwanafunzi wa famasi, nasoma dawa hizihizi, nilikuwa napuliza kuelekea katikati. Wiki ya pili nikaanza kutokwa damu. Nikasema dawa mbaya, nikaitupa. Mwalimu wangu akaniambia, hebu nionyeshe unavyopuliza. Nikamwonyesha. Akanichapa kikofi cha mkono. Ule ukuta wa kati unaotenganisha matundu mawili una mishipa myembamba sana, karibu kabisa na ngozi. Ndiko damu nyingi za pua zinakotokea. Nilikuwa napiga dawa palepale kila asubuhi.

Simameni. Ndiyo, wote, makuli wasaidieni wazee. Tufanye kwa mikono mitupu. Chupa umeitikisa. Kama ni mpya, bonyeza hewani mpaka ukungu mwembamba utoke vizuri. Penga kamasi kwanza. Sasa inamisha kichwa mbele kidogo, kama unasoma namba kwenye mzani ulio chini. Mkono wa kulia unakwenda tundu la kushoto. Wa kulia, la kushoto! Mama, huo wako ni wa kushoto. Mnaona mkono ukivuka uso ncha inavyoelekea nje yenyewe? Ielekee upande wa sikio, isielekee ukuta wa kati. Ingiza ncha tu, usizibe tundu kwa nguvu. Bonyeza huku unavuta hewa polepole, kama unanusa pilau ya jirani bila yeye kujua. Toa hewa kwa mdomo. Badili mkono, tundu la pili. Futa ncha, funika. Usipenge papo hapo. Kaeni.

Aliyekwisha kutokwa damu kidogo apumzishe siku chache, kisha arudi kwa mkono uliovuka uso. Damu ikiendelea, aende kuonyesha.

Sasa naomba kuzungumza kwa sauti ya chini ingawa nimeshika kipaza sauti. Kuna dawa za virusi vya UKIMWI zenye ritonavir ndani yake, au cobicistat. Zikikutana na fluticasone, budesonide au mometasone, ini linashindwa kuivunja ile steroidi kidogo inayoingia mwilini, inajilimbikiza, na hapo ule uoga wa mzee unakuwa kweli: uso unavimba, sukari inapanda. Kwa watu hao beclometasone ndiyo yenye usalama zaidi. Anayetumia kidonge chenye dolutegravir bila ritonavir wala cobicistat, hilo halimhusu. Huna haja ya kutangaza kwenye kaunta. Sema tu, "Naomba tuongee pembeni." Mfamasia yeyote mwenye adabu atakuelewa. Mwenye shinikizo la jicho au mtoto wa jicho naye aseme, na mjamzito aseme, maana kwake tunachagua. Budesonide ndiyo iliyotazamwa zaidi kwa wajawazito.

Ndugu zangu Waislamu mliniuliza mapema kuhusu Ramadhani. La hukumu nawaachia masheikh. La dawa nawajibu: ni mara moja kwa siku, kwa hiyo puliza baada ya kufuturu, mwezi utaisha na mistari yako imetimia.

Madereva. Zile tembe ndogo za zamani za chlorphenamine, ambazo kila mtu anazijua kwa jina la Piriton, zinalaza. Unameza saa mbili usiku, unaendesha lori alfajiri, akili bado iko kitandani. Ukihitaji kidonge, omba loratadine, au cetirizine ikiwa umejipima na haikulazi.

Na maji ya chumvi? Hayo nayapenda, ni rahisi na yanasafisha pua kabla ya chupa. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye nusu lita ya maji. Lakini maji yawe yamechemka yakapoa, tafadhali. Ya bomba hivi hivi au ya kisima yasiingie puani, kuna vimelea ambavyo tumbo linavimudu na pua haivimudu. Na kitambaa mnachojifunga usoni mkipepeta, kifueni! Kimeshakuwa ghala dogo.

Nani asisubiri wiki mbili za kalenda? Aliyezibwa tundu moja tu, lilelile, miezi. Anayetoka kamasi yenye damu. Anayeumwa uso na homa. Anayebanwa kifua na kupiga mluzi akipumua usiku, kwa sababu pua na mapafu ni njia moja, na mzio wa pua na pumu wanatembea pamoja mara nyingi mno. Hao waende hospitali, daktari wa pua, koo na masikio yupo kwa kazi hiyo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia na kazi. Najua kuna chupa mifukoni humu, nimeziona zikichomoza. Zitoeni. Msiangalie rangi wala picha ya boksi, tafuteni jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo. Likiishia na "-zoline", oxymetazoline, xylometazoline, hiyo ni ya haraka. Likiishia na "-sone", fluticasone, mometasone, beclometasone, au ikiwa ni budesonide, hiyo ni ya taratibu. Wenye "-sone" kaeni upande huu wa dirisha, nije niwatazame mnavyopuliza. Wenye "-zoline" njooni hapa mbele kwangu mmoja mmoja, na kila mtu aanze kwa kuniambia ukweli: leo ni siku ya ngapi?